Buti za Madam

Saa tisa mchana, Madam akiwa amelala, Auleria alivaa buti mpya za Madam akaanza kutembea kwenye korido ya ghorofani, kutoka mlango wa bafu hadi dirisha la mwisho na kurudi. Ndiyo kazi aliyoongezewa wiki ile, juu ya kupika, kufua na kupiga pasi. Madam alikuwa anakwenda Ulaya kutembea kwa miguu siku saba, kijiji hadi kijiji, milimani mpaka kwenye barafu, na mwenye duka alimwonya kwamba buti zisipolainishwa kwanza zitamtoa malengelenge. Mguu wa Auleria ulikuwa saizi moja na wa Madam. Mungu hakuwafananisha kwa kingine.

Nyumba ilikuwa Mirdif, Dubai, Agosti ya mwaka 2016, jua la kuwahamishia paka chini ya magari. Wazazi wa Madam walitoka Unguja na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Auleria, mtu wa Kilema, chini ya Kilimanjaro. Lakini alipenda kuitwa Madam, basi akaitwa.

Siku ya kwanza korido ilipanda. Karibu na dirisha Auleria alikuwa akihema, buti zinakanyaga majani, na ng'ombe wenye kengele shingoni wanamtazama. Bibi mmoja wa kizungu akampa kikombe cha maziwa. Akanywa, akashukuru, akarudi kupika. Kabla ya magharibi alipiga deki, maana tope lilikuwa limefika hadi ngazini.

"Kulikoni tope?" aliuliza Madam.

"La mlimani, Madam. Kulinyesha."

"Na vyumba vyao? Visafi?"

"Sikuingia. Maziwa nilipewa mlangoni."

"Kesho ingia. Uniangalizie na mashuka."

Siku ya pili aliangalia mashuka. Ya tatu alivuka daraja la mbao. Ya nne theluji ikamfuata mpaka kwenye zulia, na Shafiq, dereva, Mganda wa Masaka, akapata habari jikoni.

"Dada Auleria, huko hawatafuti dereva?"

"Barabara zao nyembamba, ndugu yangu. Wewe hapa penyewe unagonga mapipa ya taka."

Auleria mwenyewe alitaka kitu kimoja tu. Mama yake alikuwa mahututi Kilema, na likizo yake ya kwenda nyumbani, iliyoandikwa kwenye mkataba, ilikuwa imepitiliza miezi mitano. Pasipoti ilikaa kwenye kabati la chuma la mume wa Madam. Kila alipoomba, Madam alimjibu "Inshallah". Neno zuri, halina kosa lolote, ila wako watu wanaolitumia kama kufuli.

Siku ya sita aliuliza njia ya Kilema. Mzee mchunga mbuzi akamnyooshea kidole ng'ambo ya barafu. Lakini saa ya kuinjika wali ilikuwa imefika.

Siku ya saba aliingia kwenye barafu yenyewe. Ilikuwa pana, ya kijivu, inanguruma ndani kama tumbo lenye njaa. Katikati akamkuta mama yake anakuja miguu mitupu, kitawi cha sale mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Umepona?"

"Nimekufa asubuhi, mwanangu, baada ya uji. Nikasema, huyu ruhusa hapewi, acha nije mimi. Baridi ya huku si mchezo."

Auleria akainama afungue kamba za buti.

"Acha, si zako hizo," alisema mama. "Shika hiki. Mpe mwenye buti. Nimemwagiza Aloysius asiharakishe kunizika. Nataka udongo wako."

Uchagani ukimpelekea mtu sale kumwomba jambo, hakatai, hata kama juzi ulimuulia ng'ombe.

Hajavua buti, simu ikalia. Ni kaka yake, Aloysius mwenye pengo.

"Najua," Auleria alimwambia. "Nimetoka kuonana naye."

"Anaendeleaje?"

"Analalamika baridi."

Madam alipoamka, Auleria alipiga magoti, akampa kitawi cha sale kwa mikono miwili.

"Madam, mama yangu amefariki. Naomba nikamzike."

Madam alikipokea, akakigeuzageuza, akakitia kwenye chombo cha maua.

"Pole sana, Auleria. Inna lillahi. Lakini likizo si umeshaimaliza? Siku saba za milimani, na maziwa ukanywa. Mimi mwenye safari hata sijaondoka. Khalas, mama."

Auleria akafikiri, akaona siku ni saba kweli. Sale ina nguvu kwa anayeijua.

Madam aliondoka kesho yake, akarudi wiki iliyofuata. Miguu yake ilikuwa laini, haina lengelenge hata moja.

"Kuzuri," alisema, akinyoosha miguu avuliwe buti. "Ila siku ya mwisho, nilipovuka barafu, buti zikashika njia zao. Nikatokea kwenye migomba, watu wamejaa, msiba. Wakanipisha mpaka mbele, wananiita Auleria. Sikutaka kubishana na wafiwa. Bwana mmoja mwenye pengo akanikumbatia, akanipa udongo nitupe. Nikatupa. Tazama kucha zangu! Kisha wakanipa ndizi kwa nyama. Chumvi haba."

"Walilia?"

"Sana. Wana utaratibu mzuri."

Auleria alizipeleka buti chumba cha kufulia. Kwa kijiti akatoa udongo kwenye nyayo, mwekundu, wa kujaa kikombe kimoja cha chai. Sale kwenye chombo cha maua ilikuwa imeota mizizi. Akautia udongo kikombeni, akaipanda humo, kama inavyopandwa kaburini kwao, akakiweka kikombe dirishani, akasimama mbele yake mpaka mashine ilipomaliza kuzungusha nguo.

Buti Madam aliagiza zitiwe kwenye kabati la chuma, zikawekwa juu ya pasipoti, kwa kuwa zilikuwa na tabia ya kuzurura. Alipoingia chumba cha kufulia kuchukua kanzu ya mumewe, akatupa jicho dirishani.

"Kikombe cha seti hicho, Auleria. Kioshe, kesho kuna wageni."

"Ndiyo, Madam."