Shimo la Baba Edson

Jumamosi saa tisa alasiri, Mbuke alitandika mkeka kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Segese. Akalaza juu yake mtoto wa matambara, akawaonyesha wasichana namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyepaliwa: umpakate kifudifudi juu ya mkono, kichwa kiwe chini, umpige mgongoni kwa kiganja mara tano. Wasichana walikuwa ishirini na wawili, wa miaka minane hadi kumi na mitatu, na wengi walikuwa wamebeba wadogo zao mgongoni, kwa sababu mama zao walikuwa wakiponda mawe. Somo likiisha walicheza rede, wakarudia somo, kisha wakaruka kamba. Ndivyo mradi ulivyoagiza: wajifunze malezi na usalama huku wakicheza.

Wote walivaa fulana za njano zilizoandikwa MLEZI MAKINI. Fulana alizitoa Deusdedit, mwenye machimbo, ambaye watu walimwita Baba Edson.

Hatua arobaini kutoka golini palikuwa na shimo lake, moja kati ya manane aliyokuwa nayo kuzunguka karasha. Alilichimba, dhahabu ikakata, akaliacha wazi, mvua zikalijaza maji. Mwaka juzi Limi, binti wa Mbuke wa miaka minne, alitumbukia humo akafa, akiwa ameachiwa dada yake Suzana, ambaye naye alikuwa na miaka tisa tu. Kwenye kikao cha kijiji Baba Edson alitoa pole, halafu akasema tatizo ni walezi wazembe. Kikao kikakubali. Shimo halikufukiwa, ulianzishwa mradi. Tangu siku hiyo Suzana hakubeba tena mtoto wa mtu.

Mbuke aliombwa afundishe kwa kuwa aliwahi kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Watu walidhani amekubali ili apate kitu cha kumliwaza. Alikubali kwa sababu uwanja ulikuwa jirani na shimo, na alikuwa hajamalizana na mwenye shimo.

Akaongeza somo moja ambalo halikuwamo kwenye kitabu cha mradi. Alinyooshea kidole kila hatari na kuuliza ni ya nani. Waya ule uliolegea? Wa karasha. Beseni lile la zebaki? La Mzee Maganga. Na shimo?

"La Baba Edson," wasichana walijibu kwa pamoja, wakipiga makofi.

Walijibu hivyo Jumamosi saba. Ya nane, kabla hawajamaliza kujibu, shimo lilisogea.

Liliinuka kama ng'ombe anavyoinuka, nyuma kwanza, kisha mbele. Pale lilipokuwa pakabaki udongo mwekundu, mkavu. Mbuke alikulia kwenye mifugo, hakuhitaji kuelekezwa. Alivunja fimbo, akakaa nyuma yake upande wa kushoto, akaliswaga. Lilivuka barabara kubwa, bodaboda wakalipisha. Sokoni lilizubaa kwenye maganda ya miwa na kumwaga maji kidogo. Muuza dagaa alihamisha ungo wake, akamwambia Mbuke siku nyingine alipitishe asubuhi, kabla watu hawajapanga bidhaa. Kwa Baba Edson, nyuma ya ua wa minyaa, geti lilikuwa wazi. Shimo likapita mlangoni kwa ubavu, likalala sebuleni kati ya makochi na televisheni, na maji yake yakatulia.

Baba Edson alirudi jioni, akaliona, akalijua. Alikwenda kulalamika ofisi ya kijiji. Mtendaji akaja na tepu, akapima, akasema ni lake kweli, na hakuna sheria inayomzuia mtu kukaa na mali yake ndani. Makochi yakasogezwa ukutani. Wageni walikunywa soda wakiwa wamekunja miguu.

Mbuke akawa anakwenda kulitazama. Alitaka kuwapo siku litakapofanya kazi yake.

Alhamisi moja alimkuta Juliana, msichana wa kazi wa miaka kumi na miwili, mmoja wa wale ishirini na wawili. Juliana alimwamkia, akamwekea kigoda karibu na mlango, akaeleza kwamba Edson amelala, mama yake yuko Kahama, na yeye anakimbia kuanua nguo kwa sababu wingu limefunga. Alipotoka tu, Edson aliamka. Alikuwa na miaka minne. Alitoka chumbani akivuta gari la kopo, akapita karibu sana na Mbuke, hata shati lake likamgusa magoti.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba," Mbuke alijibu.

Ilikuwa kunyoosha mkono tu. Mbuke alikumbuka uzito wa Limi alipotolewa majini, jinsi nguo zilivyomzidi uzito mwenyewe, na mkono wake ukabaki mapajani. Edson aliendelea na safari yake, akaingia shimoni bila kelele nyingi. Kwa kitambo kidogo Mbuke aliona raha. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Juliana aliingia mbio, nguo begani. Alipiga kelele moja ya kuomba msaada, akafunga khanga kwenye nondo za dirisha, akajizungushia ncha ya pili mkononi, akalala kifudifudi, akamkamata mtoto shati. Alimtoa, akamsafisha mdomo, akampulizia pumzi tano. Edson alikohoa maji, akalia. Juliana akamlaza ubavu. Mbuke, aliyemfundisha, aliona hakuna hatua aliyoiruka.

Baba Edson alipofika alimwita Juliana mzembe, akamwambia akusanye vitu vyake.

"Nilikuwa nimekaa hapa," Mbuke alimwambia. "Alipita magotini kwangu, akaniamkia. Sikunyoosha mkono."

Baba Edson alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mfiwa.

"Wewe ni mgeni, Mama Suzana. Mlezi ni yeye."

Mbuke alirudi kwake na Juliana, akiwa amembebea mfuko wake wa nguo kichwani. Njia nzima alikuwa na hasira. Alikuwa tayari kuchukiwa, hata kupelekwa polisi, na mtu yule hakumpa hata hilo. Nyumbani Suzana aliwapisha kitandani, akamuuliza Juliana alifungaje khanga.

Kesho yake mafundi walishuka kwa Baba Edson na nondo na saruji. Jumapili, watu wakitoka kanisani, shimo lilikuwa limezibwa na juu yake vilikuwa vikibandikwa vigae. Mbuke alisimama mlangoni, akamuuliza fundi kazi imechukua muda gani.

"Siku mbili tu, mama."

"Na yale mashimo yake saba ya kule karasha?"

Fundi alisawazisha kigae, akakigonga taratibu kwa mpini wa mwiko.

"Hayo hatujaambiwa," alisema.