Kitufe cha H

Katika kiwanda chetu cha magodoro, kila anayekaa ofisini huja na kompyuta yake na huitunza mwenyewe. Ikiumwa unaiuguza, ikifa unaizika na kutafuta nyingine. "Fundi huja na nyundo yake," bosi hupenda kusema. Kompyuta ya bosi, bila shaka, ilinunuliwa na kiwanda.

Yangu iliumwa kitufe kimoja tu, H. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka H kwangu sharti abonyeze mara tatu, tena kwa kidole gumba. Nikiharakisha, Mheshimiwa anakuwa Mesimiwa. Mimi ndiye katibu muhtasi, barua zote zinapita kwangu, kwa hiyo nilimwomba bosi mara mbili anibadilishie kibodi. Akanijibu kwa nyundo ileile. Basi nikazoea: nikishachapa barua naisoma, na pale H ilipokosekana naiongeza kwa kalamu nyeusi.

Karani wa stoo, tuliyemwita Bwana Idadi, hakuwa hata na mgonjwa wa kuuguza. Kompyuta yake ilizima moja kwa moja. Fundi akaifungua, akaifunga, akampa pole. Wiki tatu akahesabu magodoro kwa daftari na penseli, na hakukosea hata godoro moja. Lakini bosi alitaka taarifa za stoo kwenye kompyuta kila jioni, na daftari halitumwi kwa barua pepe.

Jumatatu bosi akaniita. "Andika barua fupi. Mkataba wa karani wa stoo unaisha leo, hataendelea na kazi."

Nikachapa. Nikaitoa kwenye printa, nikaisoma kama kawaida yangu. "Karani wa stoo ataendelea na kazi."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikasimama nayo. Unga wa mtu ulikuwa unamwagika kwa sababu ya mashine aliyojinunulia mwenyewe, na hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia: bosi akiisoma akaona kosa, nitaongeza. Asipoona, shauri yake.

Bosi alitia sahihi huku akiongea na simu. Akagonga muhuri.

Bwana Idadi aliisoma mara mbili akiwa mlangoni. "Dada, naendelea!" Akampigia mkewe palepale, nikamsikia akicheka mpaka sauti ikamkauka. Siku mbili nzima nilijiona shujaa.

Siku ya tatu bosi akamkuta stoo akipanga mzigo mpya.

"Wewe, hukupata barua?"

"Nimepata, bosi. Nashukuru sana."

Tukaitwa wote wawili. Bosi akaisoma barua kwa sauti, akarudia kimyakimya.

"H iko wapi?"

"Mashine yangu, bosi. H haishuki."

"Uliona kabla hujaniletea?"

Mimi na mdomo wangu wote huu, nilitamani kusema hapana. "Niliona."

Akaiweka barua mezani, akanisukumia kalamu. "Iongeze."

Hapo ndipo Bwana Idadi alipoelewa. "Mke wangu nimeshamwambia," alisema taratibu, si kwa bosi wala si kwangu. Aibu ikanishika. Nilidhani nimemwokolea kazi, kumbe nilimpa furaha ya siku mbili, kisha nikamleta aione ikichukuliwa.

Feni ilikuwa inapeperusha pembe ya karatasi. Bwana Idadi akainama, akaishika kwa vidole viwili isiteleze, ili niandike vizuri.

"Siwezi," nikasema, nikaiweka kalamu chini. "Sahihi ni yako, bosi. Iongeze mwenyewe."

Nilijua nami najitafutia. Bosi akaichukua kalamu, akaishusha mpaka karibu na karatasi. Vile vidole vilikuwa palepale, vimeingia weusi wa penseli mpaka kwenye kucha, wala havikusogea. Bosi akavitazama kwa muda mrefu.

"Leo kuna magodoro mangapi?" akauliza.

"Mia nne na kumi na mbili."

"Nenda kahesabu ya jioni."

Bwana Idadi akatembea mpaka mlangoni, kisha akageuka.

"Barua niichukue, bosi, au niiache?"

Bosi hakuinua macho. "Ichukue."