Gesi Mbili Ndani ya Friji Moja

Julai ya mwaka 1956 Iringa ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini dukani kwa Himmat, pale Mlandege, watu waliovaa makoti walipanga mstari kununua soda baridi. Waliinywa huku meno yakigongana. Kuonekana na soda baridi lilikuwa jambo la heshima.

Siku friji ilipoacha kupoza, Himmat alimwita fundi Makame kutoka Mbeya. Makame alifika na mtungi begani na maneno mengi mdomoni. Nirmala, mke wa Himmat, akasoma bamba nyuma ya friji.

"Fundi, hapa pameandikwa gesi ya salfa. Mtungi wako ni wa freoni, gesi nyingine kabisa."

"Mama, gesi ni gesi. Iliyobaki humo itampokea mwenzake."

Akafungulia. Mashine ikanguruma, ikaanza kutetemeka, mshale wa geji ukapanda hadi mwisho. Kiungo cha bomba kikafyatuka. Harufu kama ya viberiti elfu vilivyowashwa pamoja ikajaa duka. Wateja wakakimbilia barabarani wakikohoa. Makame alitoka wa mwisho, machozi yakimtiririka.

"Dalili nzuri hiyo," akasema. "Acheni ipumzike."

Akapanda basi la mchana.

Himmat alishika kichwa. Nirmala alizifunika chupa za soda kwa magunia yaliyolowa, akaziweka uani kwenye upepo, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka akazirudisha kwenye friji iliyokufa. Wateja wakanywa, wakatetemeka, wakamsifu fundi.

Sifa zikafika Mbeya. Makame akarudi kifua mbele kuonyesha watu kazi yake. Nirmala akamkaribisha kwa adabu zote.

"Tia mkono ndani ya friji, fundi."

Akatia. Mle ndani mlikuwa na joto lilelile la duka. Akatazama chupa, akatazama magunia uani, uso ukamshuka.

"Mama, umenihifadhia jina."

"Nimehifadhi biashara. Sasa soma bamba."

Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akatoa masalia ya gesi, akabadilisha mafuta ya mashine, akasafisha mabomba, akafunga upya kiungo kilichofyatuka, akajaza salfa peke yake. Jioni barafu ikaganda.

Kesho yake mteja wa kwanza alimeza funda moja, akakunja uso.

"Mzee Himmat, mmeiharibu friji? Soda za juzi zilikuwa baridi ya kweli."

Nirmala akakimbilia uani, leso mdomoni, mabega yakimcheza kwa kicheko.