Uzito wa Yule Mwingine

Mizani isiyo na mtu juu yake inapaswa kusoma sifuri. Hilo si jambo la kujadiliwa. Nimetengeneza mizani tangu ujana wangu, za maduka, za maghala, hata za wodi za watoto wachanga, na fundi anayejiheshimu huanzia hapo: ondoa kila kitu, subiri mshale utulie, tazama sifuri. Kwa hiyo alasiri ile nilipoingia chumba cha nyuma nikakuta mshale umeipita sifuri, sikuogopa. Nilikasirika.

Ilikuwa mizani yangu mwenyewe, ile ya kusimama, yenye uso mpana kama sinia, niliyoileta nyumbani nilipofunga karakana. Nikapiga goti, nikapuliza vumbi, nikakaza skrubu. Mshale ukarudi mahali pake. Kosa lilikuwa dogo tu, kama uzito wa mkate mmoja.

Kesho yake ulikuwa umesogea tena. Sasa ni kama mikate miwili.

Niliifungua yote. Springi nzima, meno hayajalika, hakuna panya wala kutu. Nikapanda mwenyewe, ikanipa uzito wangu pamoja na ziada ile ile. Fizikia niliisoma shule ya usiku, baada ya kazi, macho yakiniwaka kwa usingizi, na jambo moja sijalisahau: springi haibonyei bure.

"Mwache mzee mwenzio apumzike, Baba," mkamwana wangu alinitania. Alikuwa ametoka zamu ya kiwanda cha mikate, hamira ikimnukia hadi kwenye nywele. "Mtu akifika umri wako, kila kitu kinasoma zaidi."

"Mimi nasoma sawasawa," nikamjibu. "Na hii pia inasoma sawasawa. Ndilo linalonisumbua."

Mtu pekee aliyekuwa akiipanda mizani ile ni mjukuu wangu. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza. Baba yake, mwanangu, ni dereva wa malori ya masafa, yupo nyumbani kwa nadra. Binti amekulia mikononi mwa mama yake na mwangu. Kila jioni alikuwa chini uani na Kidoti, binti wa jirani, wakirushiana mpira na kuupiga ukutani mpaka wapangaji wagombe. Akipanda juu anatweta, anafunua masufuria kabla hajavua viatu.

Kisha shuleni wakachagua timu ya mpira wa pete. Alipotoka mstarini, mtu akasema, "Jamani, gunia nalo linacheza?" Mstari mzima ukacheka. Chiriku naye akacheka. Mdomo ulicheka, moyo ukaweka.

Tangu siku hiyo mpira ulikaa chini ya kitanda. Akawa anajifungia chumba cha nyuma na kamba ya kuruka. Hakuruka kama watoto wanavyoruka, kwa nyimbo na kudanganyana. Aliruka kama mtu anayetumikia kifungo. Akimaliza anapanda mizani. Mezani alikuwa akiyasogeza maharage huku na huku kama anayechambua mawe kwenye mchele, kisha, "Nimeshiba, Mama. Nilikula shuleni." Na lile domo likawa linazimika kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri.

Jioni moja tulikuwa watatu mezani, jua bado halijazama. Mkamwana alikuwa anasimulia kisa cha mwenzake aliyechanganya chumvi na sukari kwenye unga. Mara tukasikia kutoka chumba cha nyuma: pa. Pa. Pa. Kamba ikipiga sakafu.

"Watoto wa juu hao," mkamwana akasema, akaendelea kula.

Juu yetu kuna paa tu. Nilimtazama Chiriku. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake iliyojaa, lakini kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa mapigo yale yale.

Nikaenda, nikafungua mlango. Kamba ilikuwa sakafuni, imelala. Nikashika mpini wake. Ulikuwa na joto la kiganja, na unyevu wa jasho. Mshale wa mizani ulikuwa umefika uzito wa mfuko mkubwa wa unga.

Nikamwita binti. "Chiriku, nani yumo humu?"

"Yule mwingine," akasema, kama anayezungumzia mwanafunzi wa darasani kwake.

"Mwingine yupi?"

"Yule mwepesi, Babu. Nikiruka, anaruka nyuma yangu. Mimi nikichoka yeye hachoki. Hasikii njaa. Anasema nikivumilia, tutabadilishana."

"Umemwona?"

"Kisogo tu. Kinafanana na changu."

Nikamshika bega, nikamgeuza aitazame mizani. "Unamwita mwepesi? Tazama mwenyewe. Hakuna mtu pale juu. Huyo mwenzio ananenepa."

Chiriku alitazama mshale muda mrefu. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayepiga hesabu. "Ni zile kilo zangu," akanong'ona. "Ni zile nilizopunguza."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, nikidhani inahusu marafiki wabaya.

Siku iliyofuata mkamwana alikwenda kazini, akaacha chungu cha maharage na wali jikoni juu ya makaa, mayai ya kuchemsha na ndizi kwenye bakuli. Nilikuwa sebuleni nasoma. Ngazi zetu ni za mbao, zinalalamika hata akipita paka. Siku hiyo hazikusema kitu. Nilipoinua macho Chiriku alikuwa ameshaingia, sare yake ikimpwaya, anapita mbele yangu bila kunisalimu. Saa za shule zilikuwa hazijaisha.

Nikamfuata chumba cha nyuma. Alikuwa anapanda mizani. Mshale, uliokuwa juu, ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu, bila kutetemeka, mpaka ukalala juu ya sifuri. Mjukuu wangu amesimama juu ya mizani kwa miguu yake miwili, na mizani inasema hakuna mtu.

"Nimefika, Babu," akatabasamu.

Akashuka. Mshale ukapanda. Ukapanda ukapita mfuko wa unga, ukapita mtoto mdogo, ukaenda kutulia pale anapopaswa kutulia binti wa umri wake, mwenye afya. Kisha kitu kikashuka kutoka kwenye mizani. Mshale ukadondoka, na ubao wa sakafu mbele yangu ukabonyea, ukalia.

Nikamshika Chiriku mkono. Ulikuwa mwepesi kama nguo kwenye kamba ya kuanikia.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Ana njaa, Babu. Sasa yeye ndiye ana njaa. Anasema anakwenda kula, na Mama akirudi atamkuta mezani. Mama hatajua. Hata wewe hutajua."

Mbao zililia moja baada ya nyingine, kuelekea jikoni.

Sijakimbia tangu nistaafu. Siku ile nilikimbia, nimembeba binti wa miaka kumi na mitano kwapani kama gazeti. Jikoni kifuniko cha chungu kilikuwa kimeshainuka upande mmoja, mvuke unatoka. Kiti cha Chiriku kilikuwa kimevutwa nyuma. Nikambwaga juu ya kiti hicho, nikakamata upawa, nikawahi kupakua.

"Kula."

"Siwezi. Nitakuwa gunia."

"Aliyekuita gunia ana cheti cha kupima? Hapa fundi wa mizani ni mimi. Nimepima watu maisha yangu yote, sijaona uzito wa mtu ukawa tusi. Kula, mama. Kijiko kimoja tu. Kingine tutakijadili."

Kiti cha upande wa pili kikasogea chenyewe. Ubao chini yake ukabonyea. Sahani tupu iliyokuwa pale ikateleza, taratibu, kuelekea chungu. Nikaikandamiza kwa kiganja. Iliendelea kusukuma, kwa nguvu za mtu mzima.

"Babu yako mkono unamuuma," nikasema. "Fanya hima."

Akala. Kijiko cha kwanza alikitafuna kama changarawe, machozi yakimdondokea sahanini. Cha pili. Sahani chini ya kiganja changu ikapungua nguvu. Nikamenya yai kwa mkono mmoja, akala nusu.

"Polepole," nikamwambia. "Tumbo limesahau njia."

"Babu."

"Nini?"

"Ni matamu." Alisema kwa mshangao, kama amegundua siri tuliyomficha. "Maharage ni matamu."

Kiti cha upande wa pili kikarudi nyuma. Mbao zikalia kuelekea chumba cha nyuma, lakini sasa kwa sauti ndogo kuliko zilipokuja.

Mama yake aliporudi nilimweleza yote, akaniangalia, akamwangalia binti, akakaa chini bila kuvua kitambaa cha kazi. Asubuhi walikwenda zahanati. Daktari hakuulizwa habari za mbao. Alisema Chiriku ale kidogo kidogo mara nyingi, asile peke yake, asijipime, na kamba iachwe mpaka apate nguvu. Baada ya hapo acheze kile anachokipenda, na akome pale raha inapokoma. Aliomba pia aende kuonana naye kila wiki, wazungumze tu.

Haikuwa safari iliyonyooka. Yapo majuma sahani ilirudi nusu, na jioni hizo tulisikia kamba nyuma ya mlango, ingawa nimeufunga kwa kufuli na kamba nilikwishaitupa. Nikiwa peke yangu naingia kuitazama mizani. Mshale sasa uko kwenye uzito wa paka. Skrubu ya sifuri siigusi tena. Nataka kujua amebakiza kiasi gani.

Kidoti ndiye aliyemrudisha uani. Alisimama chini akapaza sauti, "We Chiriku! Unashuka, au niufundishe ukuta kudaka?" Mwanzo alishuka kukaa tu na kumkosoa mwenzake. Kisha akadaka. Kisha wapangaji wakaanza kugomba.

Jana alipanda na goti limechubuka, ngazi zikipiga kelele chini yake, akapita moja kwa moja kwenye chungu na kuanza kula kwa upawa, wima.

"Sahani zipo, wewe!" mama yake akafoka.

"Sahani itanichelewesha, Mama. Kidoti kanifunga mara tatu, nataka nirudi nikamfunge."

Nyuma ya mlango wa kufuli ubao ukalia, karibu kabisa, kama mtu aliyekuja kusikiliza. Mkamwana alinitazama. Chiriku naye alisikia, maana taya lake lilisimama. Alibaki hivyo kidogo, macho mlangoni, shavu limejaa. Kisha akachota tena.