Mganga Mkuu Juu ya Friji

Mama Pacha alikuwa akichemsha chupa za maziwa za wanawe pale mama mkwe wake alipoingia jikoni, akafungua friji, akaifunga, kisha akainua macho.

"Mwanangu, huyu mzee wa miwani anafanya nini juu ya friji yetu?"

Mama Pacha alikausha mikono, akavishusha visahani alivyokuwa ameviweka pale juu, mahali penye joto. Kweli. Ndani ya kisahani cha kwanza, juu ya jeli ya rangi ya asali, vijidudu vilivyotoka kwenye kitasa cha mlango wa wodi vilikuwa vimeota na kujipanga vizuri, vikawa sura ya Mganga Mkuu wa hospitali: kipara cheupe, mashavu ya njano, miwani ya duara. Kisahani cha ukingo wa kitanda cha kichanga kilikuwa na Mganga Mkuu huyohuyo akitazama upande. Katika kile cha mzani wa kupimia watoto, alikuwa anatabasamu.

"Ametokea vizuri," mama mkwe alisema. "Ila hapa wamemwongezea nywele."

"Huo ni ukungu, Mama."

"Umemkaa."

Mama Pacha alikuwa muuguzi wa wodi ya vichanga, na jioni alisoma somo la vijidudu kwenye darasa la watu wazima. Visahani vile vilikuwa kazi ya nyumbani, na kazi yenyewe alikuwa ameikosea. Kila mwanafunzi alitakiwa kugusisha kidole chake kwenye jeli kabla ya kunawa, kisha baada ya kunawa. Lakini siku hiyo pacha mmoja alikuwa amegoma kulala, mama yake akachelewa darasani, akaokota maelezo nusunusu kwa jirani wa dawati. Akaelewa kwamba apime vitu vya kazini. Akapima.

Jioni darasani, mwalimu alivigeuza visahani kwenye mwanga wa taa.

"Swali umelikosea," alisema, "lakini mkono wako umetulia."

Akaendelea na kipindi. Aliwaambia habari za muuza vitambaa wa zamani aliyesugua kioo hadi kikawa na jicho kali, akatazama utando wa meno yake mwenyewe, akakuta viumbe wanacheza. Akawaambia kwamba hata jeli ile ilitokana na wazo la mama mmoja aliyekuwa akigandishia vitu vitamu jikoni kwake. Halafu akafika kwa yule daktari aliyewasihi wenzake wanawe mikono kabla ya kuwashika wanawake wanaojifungua, wakamcheka.

"Kwani hakuwa na picha?" aliuliza jirani wa dawati.

"Hakuwa na picha," mwalimu alijibu. "Mwenzenu anazo."

Basi asubuhi Mama Pacha alizifunga picha kwa taulo akazipeleka ofisini kwa Mganga Mkuu. Alikuwa na sababu. Mdogo wake alikuwa na tumbo la siku yoyote, angejifungulia hospitali hiyo, na wodi ya vichanga haikuwa na maji. Bomba lake lilikuwa limegeuzwa lipeleke maji ofisini tangu Mganga Mkuu alipoletewa samaki wa mapambo wanaotaka maji mapya kila asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda watoto kupita kiasi. Kila siku alizunguka wodini akimshika mkono kichanga mmoja mmoja na kumuuliza hali.

Sasa alisogeza miwani, akaikuta nyingine ikimtazama kutoka kwenye jeli.

"Sista, nani amenichora?"

"Ni vijidudu vya mikono yako, Daktari. Hiki ni cha kitanda cha mtoto."

"Vinanifahamu hasa."

"Naomba bomba lirudi wodini. Mdogo wangu anajifungua wiki hii."

"Bomba tutaliangalia," alisema, akikigeuzia kisahani dirishani ili aone pua yake vizuri. Nyuma yake samaki walifungua midomo, wakafunga. "Vinaweza kunitoa mzima, nikiwa nimesimama?"

"Labda kwenye sahani kubwa."

Mchana picha zilitundikwa ukumbini, ndani ya fremu. Wagonjwa walipita wakisema amenenepa.

Mama Pacha alirudi nyumbani akasimulia. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akatoa ndoo ya koki stoo, akaipiga kofi kuondoa vumbi. Mdogo mtu aliposhikwa na uchungu, ndoo ilikuwa tayari mlangoni pa wodi, imejaa, na mama mkwe ameketi kando yake na kipande cha sabuni mapajani.

"Mikono," alimwambia kila aliyekuja. Alimwambia mkunga, akamwambia baba wa mtoto, ambaye alinawa hadi viwiko kwa hofu. Mganga Mkuu naye akafika, mikono imeshanyooshwa mbele.

"Mikono, baba."

"Mama, nikinawa, si sitatokea kwenye picha?"

"Hutatokea."

Alifikiri kidogo. Kisha alimtazama yule mama, akaona hana mpango wa kusogeza kiti, akakunja mikono ya shati.

Mtoto alikuwa wa kike, na sauti anayo. Kabla hawajatoka hospitali, Mama Pacha alikigusisha kiganja cha mtoto kwenye jeli, akakiweka kisahani juu ya friji. Kilipoota, kilitoa sura moja tu: mdogo wake, anacheka, na mwanya wake wa mbele. Hapakuwa na miwani popote.

"Mwalimu anasema mtoto hupewa vijidudu vya kwanza na mama yake," Mama Pacha alieleza. "Vingine ni walinzi."

Mdogo wake alikiinamia kisahani, mtoto begani. "Kumbe nikicheka niko hivi, Dada?"

"Hivyohivyo."

"Huyu asiende kutundikwa ukumbini," alisema mama mkwe. "Akae hapahapa na maziwa."

Akakirudisha juu ya friji, mbali na kingo, pacha wasije wakakifikia. Halafu akaanza kujaza ndoo, maana bomba la wodi lilikuwa bado kavu, samaki walikuwa hawajambo, na asubuhi hiyo kulikuwa na vichanga wengine wanaosubiri kushikwa mkono.