Mama Amecheleweshwa Kidogo

Fundi wa sauti alifunga dirisha, akazima feni, akamwomba mama yake aloweshe tambara. Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda kilisukumwa ukutani ili meza ipate nafasi, maikrofoni ilining'inia kwenye kitundikio cha nguo, na mablanketi yalipigiliwa misumari ukutani yameze mwangwi. Mama akapiga magoti sakafuni, akaanza kulibandika na kulibandua lile tambara kwenye vigae. Kwenye kompyuta, bata wa katuni mwenye duka la viatu alikwenda kufungua mlango, na kila alipokanyaga, mguu wake ulisikika mguu kweli.

Mama alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Mlio wa mbawa aliutoa kwenye mwavuli, wa mvua kwenye sinia la maharage makavu, na wa tawi kuvunjika kwenye karoti, ambayo baadaye waliila. Watoto walioitazama katuni ile hawakujua kwamba wanamsikiliza bibi mmoja mwenye magoti mabovu. Kwenye programu fundi alizipanga sauti zote hizo kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa kila mstari lazima upewe jina, huo aliuita Mama.

Mama hakudai chochote isipokuwa kitu kimoja. Alitaka apelekwe kwa mdogo wake, aliyeishi mbali, safari ya kutwa kwa basi, na ambaye hawakuwa wameonana naye tangu walipomzika baba yao. Peke yake asingeweza, kwa hayo magoti.

"Nikimaliza hii, mama," fundi alikuwa akimwambia.

"Hii ipi? Maana mwaka jana nao ulikuwa unamaliza hii."

Wakacheka wote wawili, na safari ikabaki palepale.

Siku moja mwongozaji wa katuni akapiga simu.

"Nyayo zinafunika maneno," akasema. "Zishushe. Halafu zichelewe kidogo, picha itangulie. Mguu utue kwanza, ndiyo usikike. Hapo mtoto hajizuii kucheka."

Fundi alikusudia kukamata kipande kimoja tu, kile cha nyayo. Kipanya kikakamata kichwa cha mstari mzima, ule ulioitwa Mama. Akashusha sauti, akausogeza mstari nyuma ya picha kidogo tu, akasikiliza. Bata alichekesha kwelikweli. Akahifadhi, akatuma, akavua hedifoni.

Jikoni mama yake alikuwa akitua sufuria. Sufuria ilikaa jikoni bila kelele. Mama akaifunika, akafuta mikono, akatoka, na hapo ndipo sufuria ikasikika, kwa mbali, kama imetuliwa nyumba ya pili. Kisha midomo yake ikacheza, na alipokuwa ameshaketi sebuleni maneno yakafika: "Chai utakunywa?"

Fundi akarudi kwenye kompyuta, akaliona kosa. Lilikuwa dogo na lilirekebishika. Lakini kama angempandisha mama na kumrudisha mahali pake, nyayo nazo zingerudi naye, na mwongozaji alikuwa ameshajibu kwamba amependa, na kwamba kila kipindi kinachofuata kinakiliwe kutoka kwenye hiki.

"Nitakurudisha msimu ukiisha," akamwambia mama yake.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Haya, mwanangu" yake ilimkuta fundi akiwa bafuni.

Kusema kweli, kazi ilikwenda vizuri kuliko zamani. Kikohozi hakikuingia tena kwenye maikrofoni, wala kandambili ukumbini, wala yale mazungumzo ya mama na kuku wa jirani. Sauti mpya hazikuhitajika, kwani zilizokuwa kwenye mstari zilitosha. Fundi aliona haya kwamba nyumba inampendeza hivyo, na haya hiyo haikumzuia kupendezwa.

Jumapili mama mdogo alipiga simu kama kawaida yake. "Halo? Dada?" Dada akajibu kwa midomo. Mama mdogo akangoja, akaita tena, akasonya, akakata. Ndipo sauti ya mama ikaanza kuiuliza simu iliyokatika habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, na za mguu wa shemeji. Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo. Mama mdogo akampigia fundi.

"Dada yangu kaninunia? Nimemkosea nini?"

"Hajanuna, mama mdogo. Amecheleweshwa kidogo."

"Na nani?"

"Na kazi."

"Kazi yake au yako?"

Fundi akasema mtandao unasumbua.

Kila kipindi kipya kilinakiliwa kutoka kile kilichotangulia, na kila kilipohifadhiwa, ule ucheleweshaji ulijiongeza juu ya wenzake. Maneno ya asubuhi yakawa yanafika mchana, baadaye jioni. Mama hakulalamika, na kama alilalamika, lalamiko lilikuwa halijafika. Alijifunza kupiga hesabu. Akiamka tu, kabla ya kunawa uso, alisema "lala salama," na giza lilipoingia fundi aliisikia kitandani kwake, ndogo na ya upole, akalala vizuri. Ucheleweshaji ulipopita siku, kisha wiki, mama akawa anabahatisha. "Chukua mwavuli," ilisema sauti, na nje jua linawaka. Fundi aliuchukua mwavuli hata hivyo. Alikuwa anampenda mama yake, na hilo lisitiliwe shaka.

Asubuhi moja, akipita ukumbini na hedifoni shingoni, alimwona mama ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa gauni la kutokea, anazungumza. Alizungumza muda mrefu. Alisema, akanyamaza, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akasema tena. Mara moja alicheka mpaka akajipangusa macho. Fundi alitaka kuingia aketi karibu yake amsome midomo. Halafu akawaza kwamba yote hayo yatafika tu, na kipindi kilikuwa kinangojewa.

Mama alifariki wiki hiyohiyo, mchana, kitini kwake. Alikuwa ameita, lakini wito haukuwa umefika.

Ulifika watu walipokuwa wametoka makaburini. "Mwanangu, njoo kidogo," ilisema sauti kutoka chumbani, na fundi akaitika "naja," akaenda mbiombio. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akasimama katikati ya chumba akalia kwa sauti, sauti yake mwenyewe, iliyofika papo hapo. Sebuleni mmoja wa waombolezaji akaomba apitishiwe sukari.

Mama mdogo alikuwa amekuja na basi la usiku. Watu walipotawanyika, yeye alibaki. Alisema dada yake bado ana maneno, na si heshima kumwacha anazungumza peke yake. Akapewa chumba kile. Yakafika maneno madogomadogo ya wiki za mwisho: kikohozi, kandambili, "lala salama" saa nne asubuhi. Hayakufika kwa mpangilio, maana vipindi havikusogezwa sawasawa, na wito wa mwisho ulikuwa umewapita wenzake njiani. Fundi alifikiria kuurudisha mstari mahali pake. Lakini angefanya hivyo, yote yaliyobaki yangerudi yalikotoka, kwenye siku ambazo hakuna aliyekuwa akisikiliza. Akauacha.

Kisha, asubuhi moja, mama mdogo akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, sauti ikasema karibu yake:

"Umefika? Pole na safari. Nilijua kwenye msiba hutakosa."

"Nimefika, dada," akasema mama mdogo.

"Umekonda, au macho yangu?"

"Nimekonda."

Sauti ikangoja kadiri ya kutosha, ikaendelea. Ilikuwa imeacha nafasi kwa kila jibu. Ikaulizia watoto, mmoja baada ya mwingine, na mguu wa shemeji. Ikamkumbusha jinsi baba yao alivyokuwa akilala amekaa na kukana kwamba alilala. Mama mdogo akacheka, na sauti ikacheka, kwa pamoja, bila kupishana hata kidogo.

Fundi aliwasikia kupitia ukuta. Mwongozaji alikuwa ameshatoa pole kwa simu, akaongeza kwa upole kwamba msimu mpya umepitishwa, na kwamba safari hii bata anahamia mjini, kwa hiyo zitahitajika sauti mpya kabisa. Maikrofoni ilikuwa imewashwa. Kwenye kompyuta kicheko cha chumba cha pili kilichora vilima virefu. Fundi alivitazama, moyo ukimuuma. Alitamani kwenda kuketi kati yao. Akainuka, akaenda, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, samahani," akasema. "Narekodi. Mnaweza kupunguza sauti kidogo?"

Mama mdogo akamtazama, kisha akapunguza. Baada ya kitambo, bila kinyongo, dada yake naye akapunguza.