Ng'ombe wa Fizikia

Laiti yule ng'ombe angefungwa nyuma ya jikoni, mahali ng'ombe wa karamu hungojea saa yake, Hanan angeacha fizikia asubuhi ile na mambo yangeisha kimya kimya. Lakini walimu walitaka wazazi wamwone. Wakamfunga karibu na mlingoti wa bendera, utepe mwekundu shingoni kama bwana harusi. Mwanabibi alipoingia langoni, macho ya kwanza kukutana nayo yalikuwa ya ng'ombe.

Yeye alikuwa amekuja kukubali. Mjukuu wake Hanan alikuwa ndio kwanza ameingia kidato cha tatu, na shule ilitaka mzazi wa kila msichana anayeacha fizikia afike siku ya wazazi, aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhika. Tangu arudi kutoka ziara ya shule kule Sagana, alikoona maji yakiingia kwenye mtambo upande huu na umeme ukitoka upande ule, Hanan hakuwa na wimbo mwingine ila uhandisi. Na bila fizikia, chuo kikuu hakimpokei mtu kwa uhandisi hata apeleke machozi kwa ndoo. Kisha juzi, akisugua sufuria bila kuinua uso, akasema, "Nyanya, naiacha. Ni ngumu. Sitaiweza."

Mwanabibi, ambaye shule yake iliishia darasa la saba na hakuwahi kuililia, hakubishana. "Hakuna anayelazimishwa kula pilipili," alimwambia. Sasa alikuwa amevaa buibui yake nzuri, aseme neno lake moja, ale nyama, arudi Majengo.

Nyama hiyo ingechinjwa na mumewe. Mzee Muhammad ndiye mchinjaji wa kila shughuli ya mji. Harusi ikiwa Majengo, mtaa wa Waislamu, ataitwa. Kanisa likiwa na harambee, ataitwa vilevile, kwa sababu sufuria ni moja, na watu wakitaka kula pamoja huanza na mkono ambao hakuna atakayeukataa. Ila mzee alikuwa na sharti lake ambalo Nyeri nzima ililijua: hashiki kisu akiwa na kinyongo. Siku moja harusi ilikaa na njaa mpaka alasiri, hadi yeye na mjomba wa bibi harusi walipopeana mkono.

Mwanabibi alipita jikoni kumsalimia Wangechi mpishi.

"Huyu bwana harusi hapo nje ni wa nani?"

"Wa fizikia," Wangechi alisema, akikoroga githeri ya wanafunzi, mahindi na maharagwe. "Matokeo ya mwaka jana yalipanda sana. Shule zingine hupeleka walimu Mombasa waone maji ya chumvi. Sisi tunakula ng'ombe."

"Wasichana walisoma, basi."

"Walisoma! Walikuwa wamebaki wangapi? Wale wengine waliambiwa mapema waache. Hata Beth wangu. Alikuwa anataka mambo ya mitambo. Saa hii ako Kenol anauza laini za simu." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Na mimi mama yake ndio nitapika hiyo nyama."

Mwanabibi alitoka jikoni hamu yake ya nyama ikiwa imepungua.

Alimkuta Bwana Mutahi, mwalimu wa fizikia, chini ya hema, katikati ya wazazi, suti mpya na kicheko kipya.

"Shosho, karibu! Umekuja kututolea ile shida?"

"Shida gani, mwalimu wangu?"

"Ya Hanan. Ni mtoto mzuri, ako na heshima. Lakini fizikia si yake. Ako na D. Akikaa, anavuta chini."

"Anamvuta nani?"

"Wastani."

"Maskini! Na huyo Wastani ni mtoto wa nani? Nimpelekee maziwa?"

Wazazi waliangua kicheko. Bwana Mutahi naye alicheka kidogo, kisha akamweleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Unajumlisha alama za wote, unagawa. Ukiwatoa wale wa chini, hesabu inapanda.

"Ahaa," Mwanabibi alisema. "Kama mimi nikitaka mgeni aone nina kuku wanono. Nawaficha waliokonda kabla hajafika."

"Sasa umeshika, Shosho!" Mwalimu alimpigia makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyomchoma. Alikuwa amemtukana mtu mbele ya watu, na mtu akashukuru.

Wakati huohuo Hanan alikuwa anapita na viti vinne vya plastiki vilivyopandana, kidevu juu ya kiti cha mwisho.

"Weka chini. Kwani hawa wengine hawana mikono?"

"Viti ni kazi yetu, Nyanya. Wale wa chini." Hanan alisema kama anayetaja rangi ya soksi. "Wenzetu wakiwa maabara sisi hupanga viti ama tunafagia. Mwalimu husema vifaa havitoshi."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza."

"Na hujawahi kushika hata waya?"

"Huwa tunaangalia kwa dirisha."

Damu ilimpanda Mwanabibi mpaka kwenye masikio. Miaka miwili! Mtoto anafungiwa nje, kisha anaulizwa mbona hakushiba! Kisha anaitiwa nyanya yake aje kusema ahsante! Alitaka kurudi kwa yule mwalimu ampigie kelele ambazo zingesikika mpaka sokoni. Lakini kelele za mwanamke mzee huitwa uzee, huombewa na kusahauliwa. Akarekebisha mtandio wake, akaenda nyuma ya tangi la maji, alikokaa mumewe akinoa kisu mbali na macho ya ng'ombe.

"Baba Farid, kimenoleka?"

"Kimenoleka."

"Basi kabla hujasimama, nikupe kahabari kadogo ka mjukuu wako."

Alimpa yote, na chumvi juu. Mzee Muhammad alifuta kisu, akakizungushia gunia, akakaa juu yake.

Haikupita muda, mwalimu mkuu, Bi Kabura, akaja mbio, viatu vikizama kwenye nyasi. "Mzee, wageni wamefika. Tunangoja wewe."

"Niko na hasira, mwalimu."

"Itaisha saa ngapi?"

"Hata mimi sijui. Haijawahi kuwa kubwa hivi."

Bwana Mutahi alikuwa nyuma yake. "Si tumwite Kingori wa gate amchinje, amalize hii maneno?"

"Mwite," Wangechi alisema kutoka dirishani mwa jikoni. "Halafu mwenyekiti wa wazazi, Hajji Shakir, tumpe kabeji? Na wale akina mama wote wa Majengo?"

Watu walianza kusogea. Bi Kabura aliuliza hasira hiyo ni ya nini, na Mzee Muhammad akamwelekeza kwa kidevu. "Muulize mwenye fizikia."

Wote wakamgeukia Hanan, aliyesimama kando na viti vyake. Mwanabibi aliuma ulimi. Alikuwa na maneno ya kujaza debe, lakini haya hayakuwa yake kuyasema.

"Mimi nilikuwa nimeamua kuacha," Hanan alisema. "Nilidhani ni akili yangu. Lakini mwalimu, mtu huacha kitu alichokuwa nacho. Mimi sijawahi kupewa. Nataka niingie maabara mwaka huu, mimi na hawa wenzangu wa viti. Nikishindwa nikiwa ndani, nitaacha mwenyewe, na sitalaumu mtu."

"Lakini wastani..." Bwana Mutahi alianza.

"Nyamaza, Mutahi," Bi Kabura alisema. Aliwatangulia wote hemani, na kwa vile kipaza sauti kilikuwa tayari, na Mwanabibi alikuwa amesimama kando yake bila dalili ya kuondoka, alilazimika kutangaza mbele ya hema nzima: hakuna msichana atakayeacha fizikia kabla hajafundishwa, na viti vitapangwa kwa zamu na darasa zima.

Kisha akamgeukia mzee kwa matumaini. "Sasa, hasira?"

Mzee Muhammad aliipima moyoni kwa haki. "Imepungua," alisema. "Lakini haijaisha."

Wageni wa heshima walikula githeri ya wanafunzi. Mwanabibi alikula sahani mbili, akiomboleza nyama kwa kila kijiko.

Wiki iliyofuata, Hanan alirudi nyumbani jioni, kidole kimefungwa kitambaa, akatupa mkoba kitandani.

"Haya," Mwanabibi alisema. "Umeelewa?"

"Sijaelewa kitu, Nyanya. Hata kimoja." Akacheka. "Lakini leo nimekosa kuelewa nikiwa ndani."

"Na yule bwana harusi?"

"Bado yuko. Anakula nyasi mbele ya maabara. Bwana Mutahi lazima ampite kila akienda kutufundisha."